Bendera ya Mbuzi

Nasoro ndugu yangu,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya umoja wa wanamaji wastaafu wa Tabora, yaani mimi, Pius na goti la Pius, natangaza kwamba kiti chako cha plastiki pale mgahawani kwa Mama Salma, Gongoni, hakipo tena duniani. Kilivunjika jana, Sikukuu ya Uhuru, mbele ya watu, kikiwa kazini. Mguu wa nyuma ulitangulia, mingine ikafuata, na aliyekuwa amekikalia akaja mwishoni, sahani mkononi. Aliyekuwa amekikalia ni mimi. Marehemu kiti ameacha meza moja na ndugu zake watatu wa rangi ya bluu. Mama Salma amesema hanilaumu, ila kuanzia sasa nitakuwa nakalia kreti la soda, kwa usalama wa mali zake.

Ungekuwepo ungecheka mpaka ukohoe. Ungesema, "Asali, meli hii haizamishwi na wimbi, inazamishwa na mpishi." Jina hilo la Asali ulinipa wewe, siku niliyoripoti jeshini kutoka Ipole na galoni la asali begani, nikidhani maafande watanipenda. Walinipenda mpaka galoni lilipoisha.

Basi, hayo ndiyo matangazo madogo. Lipo kubwa, nami nimelizunguka tangu asubuhi. Nimechemsha chai nikaisahau. Nimefagia uwanja ambao mvua ilikuwa imeshaufagia.

Kwanza habari za nyumbani. Zuhura wako anaendelea vizuri, kadiri mtu anavyoweza kuendelea. Duka la vitambaa amelifungua, anauza, anarudi. Ikifika saa ya taarifa ya habari anaiwasha redio yako, kisha anatoka chumbani, hasikilizi. Nilimuuliza anamwashia nani. Akasema redio yenyewe haijazoea. Pius siku hizi ananiongelesha kwa upole, jambo linalonitisha, maana najua anaangalia nani anafuata. Mimi nimenenepa, ushahidi umeusoma hapo juu. Nyuki wangu wamehama mizinga kadhaa. Nadhani wamechoka kunisikiliza nikiongea peke yangu.

Nimekukumbuka, bwana. Sina namna nyingine ya kulisema.

Nakumbuka treni ile ya kwanza, tulipopangiwa boti za doria Kigoma. Nilikuambia njia hii babu zako Waarabu waliipita zamani wakienda Ujiji na nguo za biashara, na mizigo yao ilikuwa vichwani mwa babu zangu Wanyamwezi, kwa hiyo leo ni zamu yako. Nikakubebesha begi langu. Ulilibeba stesheni nzima mpaka behewani, ukalitupa juu, ukafuta jasho, ukasema, "Sasa tusikie tena habari za babu zako." Tangu hapo sikuzitaja. Wanamaji wawili kutoka mji ambao maji yake makubwa ni bwawa la Igombe. Watu walitucheka safari nzima.

Na wa tatu alipandia Kaliua. Ndipo tulipompata Kulwa, na kuku wake ndani ya kapu, akiagwa na mama yake dirishani.

Naona nimeshafika kwenye lile kubwa bila kukusudia.

Unajua kila Uhuru tunavyofanya. Tunakutana kwa Mama Salma, tunavaa kofia zetu za zamani ambazo vichwa vimezikataa, tunasimama wima gwaride linapopita kwenye runinga, Pius akishikilia meza. Tunakula. Kisha watu wanakuambia, "Haya Mzee Nasoro, mbuzi." Nawe unasimulia.

Gongoni nzima inaijua hadithi ile. Boti mbili, Ziwa Tanganyika, asubuhi ya Uhuru. Wewe uko boti moja, kazi yako ishara. Mimi niko nyingine, kazi yangu sufuria. Nahodha wetu ameamuru boti zivalishwe bendera zote za ishara, kutoka omo mbele, juu ya mlingoti, mpaka tezi nyuma, kama zinavyovalishwa meli kubwa siku ya taifa. Tumefunga boti pamoja mbele ya kijiji cha wavuvi, tumenunua mbuzi wa sikukuu. Mbuzi hataki kupanda. Akipandishwa anampiga nahodha pembe ya paja. Hapo ulikuwa unainuka na kumwigiza nahodha akichechemea huku akitaka heshima yake. Wakati tunamhangaikia nahodha, mbuzi ameikuta bendera moja chini, ile nyekundu na njano iliyogawanywa mshazari, anaitafuna, anameza karibu nusu. Unamchinja haraka kabla hajaifikia ya taifa. Tunagawana nyama, boti zinaachana. Saa sita mchana mnatuona kwa mbali tumeipandisha ile bendera iliyoliwa, tunapiga honi kama gari la harusi. Nanyi mnapiga. Unavua kofia, unatupungia mpaka mkono unauma. Kisha unanigeukia mbele ya watu wote: "Na huyu mpishi wa jeshi, kwa furaha hiyo, akaunguza pilau."

Watu hoi. Hadithi inaishia hapo.

Mgahawani pale ni wewe na mimi tu tuliojua kwamba haiishii hapo; Pius hakutumikia Kigoma. Mwaka wa kwanza ulipoisimulia nilikufuata nje nikakuuliza unafanya nini. Ulikuwa umeegemea ukuta, unapumua kama mtu aliyekimbia. Ukaniambia, "Nikiifikisha kwenye kupunga, watu wakacheka, naweza kuishi mpaka mwakani. Usinivushe hapo, Asali." Sikukuvusha. Nilitaniwa kwa pilau lile miaka yote hii, nikalibeba kama lilivyo.

Lakini nilikuwa nakuangalia. Hata mgahawani, ukifika kwenye kupunga, ulikuwa unasema tu. Mikono yako ilikuwa juu ya meza. Na nje ya mgahawa hukumpungia mtu kamwe. Zuhura akipanda basi kwenda kwao, ulisimama stendi mikono mfukoni kama mtoza ushuru. Binti yenu alipokwenda chuo alilia njia nzima, akidhani umemkasirikia. Nilikuwa nakutania kwamba unaogopa kuchanika kanzu kwapani. Ulikuwa unacheka, mikono imo mfukoni.

Hata hospitali. Kiharusi kilipokuchukua upande wa kulia, ulilala unautazama ule mkono juu ya shuka, ukaniambia kwa ulimi ule mzito, "Huu umechelewa kufa." Zuhura alidhani unaweweseka. Nikamwacha adhani hivyo.

Sasa nikueleze kwa nini kiti kilivunjika.

Mwaka jana mpwa wake Mama Salma alikurekodi kwa simu ukisimulia, akakurusha WhatsApp. Ulienda mbali kuliko tulivyojua. Jana watu waliponiambia, "Asali, mwenyewe hayupo, simulia wewe," nilikaa kwenye kiti chako nikaanza. Nilianza vizuri, usinidharau. Nahodha nilimwigiza, na tumbo langu lilisaidia. Mbuzi akala bendera, watu wakacheka. Nikainua macho, nikamwona Kulwa mlangoni.

Sisemi mtu aliyefanana naye. Nasema paji lile, na sikio lile la kushoto linalokaa kama linasikiliza kitu kingine, ila sasa lina mvi juu yake na kofia imelowa mvua. Nilitaka kuinuka. Kiti kikakataa. Watu walicheka kuliko walivyomcheka mbuzi. Yule mtu wa mlangoni hakucheka.

Alikuwa Doto, pacha wake. Tulisahau, Nasoro. Tulisahau kabisa kwamba uso wa Kulwa ulibaki Kaliua, unalima tumbaku na kuzeeka.

Aliningoja mpaka walipomaliza kunipangusa wali mgongoni. Tukatoka, tukasimama nyuma chini ya bati, mvua ikimwagikia kwenye ndoo za Mama Salma.

"Wewe ndiye Asali," akasema.

"Ndiye."

Akatoa simu, akanionyesha wewe. Ulikuwa umenenepa kidogo, unamwigiza nahodha. Sikuwa nimekuona ukitembea tangu kiharusi, na nilitamani aizime na nilitamani asiizime.

"Huyu mzee anasema boti ya ndugu yangu," Doto akasema. "Anasema siku ya ndugu yangu. Watu wanachekea nini?"

Alinieleza kwamba nyumbani kwao waliambiwa tu Kulwa amefia kazini, majini, na mwili haukupatikana. Basi. Mama yao yu hai bado, macho yameisha. Walimsikilizisha sauti yako kwenye simu, akasikia mbuzi, akasikia pilau, na tangu siku hiyo ana swali moja.

"Anauliza kama mwanawe alikuwa amekula," Doto akasema. "Mimi ninayo maswali mengi. Lakini anza na la mama."

Ningeweza kumdanganya. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mtamu, umeiva: alikula, alishiba, hakuumia, hakujua. Angepanda nao basi mpaka Kaliua, mama angelala vizuri, nawe ungebaki pale ulipotaka kubaki, kwenye kupunga, watu wanacheka. Uliniomba, na mtu aliyekufa hawezi kuja kuomba tena kwa maneno mengine. Nilisimama kati yako na yeye, Nasoro, na sijawahi kusimama mahali pabaya hivyo, hata ndani ya maji.

Kisha nikafikiri: wewe umekufa, samahani kwa kukukumbusha, na yule mama anangoja. Na alikuwa ananitazama kwa uso wa Kulwa. Nani angeweza?

Nikamwambia yote. Sikuruka kitu, wala sikukupamba. Kama nilivyomwambia ndivyo nitakavyokuandikia hapo chini, ili usije ukasikia kwa watu kwamba nimekusema vibaya.

Nilipomaliza aliirudisha simu mfukoni. Ndoo zilijaa, zikamwagika. Kisha akasema, "Nimetoka Kaliua na hasira yangu yote, na mwenyewe hayupo." Akaniomba nimwonyeshe ulipolala.

Tulikwenda na manyunyu yale. Alisimama miguuni pako. Hakuomba dua wala hakutukana. Mimi, Mkristo wa watu, sikujua hata niseme nini, nikavua kofia, nikaivaa, nikaivua tena. Halafu Doto akainama, akang'oa majani yaliyoota juu yako, akayatupa pembeni, akapangusa udongo mikononi.

"Kusamehe sijui," akasema. "Lakini msiache majani yakaota hivi. Sisi hatuna hata pa kupalilia."

Hayo ndiyo aliyosema, na sikuongeza langu. Nilimsindikiza stendi, na basi lilipoondoka nilipunga. Hakupunga. Alinitazama tu mpaka kona.

Zuhura nimemweleza leo asubuhi. Nilidhani atanifukuza. Alisikiliza, akakunja khanga yake magotini, akaikunjua. "Kumbe ndiyo ilikuwa maana ya stendi," akasema. Baadaye, niliporudi na magunzi niliyomwahidi ya kuwashia moto, redio yako ilikuwa inasoma habari, na safari hii alikuwa amekaa mbele yake, anaisikiliza.

Nakuaga hapa, kabla ya yale ya mwisho, maana nikishayaandika sidhani kama mkono utaweza kuandika kitu kingine. Lala salama, ndugu yangu. Mungu wako na wangu wakurehemu kwa pamoja, kama hawajagundua bado kwamba ni mmoja. Majani nitang'oa mwenyewe. Mvua zikipungua nitapanda treni na Doto na mama yao mpaka Kigoma, nimshike mkono ayaguse maji yale, kama atataka. Na Uhuru ujao nitakaa kwenye kreti langu nisimulie hadithi yako. Watamcheka mbuzi, na wacheke, maana mbuzi yule alikuwa anachekesha kweli. Lakini sitaishia pale ulipoishia. Ukinikasirikia kwa hilo tutagombana nikifika. Usiningoje kwa haraka.

Haya sasa.

Bendera aliyoila mbuzi ni ile inayopandishwa mtu akianguka majini. Boti yetu ilikuwa nayo hiyo moja tu. Ulipoiona imebaki nusu ulicheka, ukasema mbuzi ameshamwokoa mtu wa watu, ukaitenga na zile za kuivalisha boti. Na tulipokuwa tunaachana ulisimama tezi ukatuita, mikono mdomoni: "Saa sita mtupandishie bendera ya mbuzi, tuwapigie saluti." Hilo hukuwahi kulisimulia. Tukakubali, tunacheka. Kulwa alicheka kuliko wote. Alikuwa anakudai maini ya yule mbuzi, nawe ulimwambia maini yanakwenda kwenye boti yenye mpishi anayejua kupika.

Karibu na saa sita kamba ya bendera ilinasa juu ya mlingoti. Kulwa akapanda kuinasua, katika sare nyeupe ya sikukuu. Majaketi ya kuokolea tulikuwa tumeyavua wote kwa ajili ya picha. Boti ikayumba, akateleza, akajigonga ubavu ukingoni, akaingia majini. Injini tulikuwa tumeizima ili tule, nayo ikagoma kuwaka. Upepo ulikuwa unatusukuma huku, yeye anabaki kule. Boya tulilomtupia liliangukia mbali naye. Nilijifunga kamba kiunoni nikaruka. Unanijua ninavyoogelea, kama gunia la tumbaku. Kamba iliisha kabla sijamfikia. Nilimwona vizuri. Aliinua mkono.

Waliponivuta hakuonekana tena, lakini hakuna aliyekubali kwamba haonekani. Pilau liliungua kwa sababu hapakuwa na mtu jikoni. Redio ya mawasiliano ilikuwa imekufa tangu jana yake. Fataki ya hatari tuliirusha ikapotea kwenye jua la mchana, nanyi mkadhani ni fataki ya Uhuru. Tukapandisha bendera ya mtu majini, ile nusu, hatukuwa na nyingine. Tukapiga honi tatu ndefu, tukarudia, tukarudia. Mlikuwa karibu kiasi kwamba nilikutambua kwa urefu wako. Ulivua kofia ukapunga. Boti yenu ikajibu kwa honi tatu ndefu. Tukapunga sote kuwaita, mikono yote miwili, tukipiga kelele, na kadiri tulivyopunga ndivyo mlivyopunga. Kisha mkageuza mkaenda kula.

Doto nilimjibu hivi: ndugu yako alikunywa chai asubuhi, na muhogo wa kuchemsha. Cha mchana hakukiwahi.

Mlirudi mmeshashiba, mnakuja kututania. Sisi tulikuwa tumekaa chini tu, tumelowa, bendera zote zinapepea juu yetu. Ulikuwa umesimama omo, sahani imefunikwa kwa sahani, unacheka bado. Boti zilipogusana ulitutazama mmoja mmoja, ukasema, "Kulwa yuko wapi? Nimemletea maini yake."